Bahasha Sitini za Magamba

Kajaani, 3 Oktoba 1972

Bibi mpendwa,

Natumaini hujambo, na kwamba goti halijaanza kukusumbua kwa baridi hii. Mimi sijambo. Chumba nilichopanga kwa Mama Kemppainen kina dirisha moja linalotazama reli. Treni ikipita meza inatikisika, kwa hiyo nimejifunza kuinua kalamu na kungoja mpaka mabehewa yaishe. Shuleni nakaa safu ya nyuma. Wiki nzima iliyopita nilisema maneno mawili tu darasani, "nipo" na "sijui", na hilo la pili lilikuwa uongo.

Nina ombi. Najua wale samaki wa siika wanakaribia kutaga na kwamba wiki ijayo utatega nyavu. Tafadhali, kila siika utakayemtoa, kabla hujampaa, kwangua magamba matano au sita kwa ncha ya kisu, ubavuni, chini kidogo ya pezi la mgongo. Yatie kwenye bahasha, samaki mmoja bahasha moja, na juu yake andika tarehe na urefu wa samaki kwa sentimita. Nakutumia bahasha sitini. Nimezikunja mwenyewe kutoka kwenye daftari langu la zamani la hesabu, basi ukiona alama nyekundu za mwalimu usizisome.

Ni jambo la shule. Nitakueleza likishakuwa zuri. Kwa sasa naomba usiniulize.

Mjukuu wako,
Saimi


Ziwa Kuikka, 24 Oktoba

Saimi mwanangu,

Goti hili lina miaka sabini na moja, acha lilie, lina haki yake.

Magamba haya hapa, bahasha zote sitini. Ningekuwa na mikono mitatu kazi ingekwenda haraka: mmoja wa samaki, mmoja wa kisu, mmoja wa penseli. Jirani Taisto alipita na mashua yake akanikuta ufukweni na rula mkononi.

"Loviisa," akasema, "unawashonea suti?"

"Nawapima miguu. Suti walishapata."

"Na hicho kisu?"

"Nawakata kucha."

Akaondoka akitikisa kichwa. Sasa kijiji kizima kinajua kwamba nimezeeka vibaya. Mwenye duka naye aliuliza kifurushi kina nini, nikamwambia magamba ya samaki, akacheka akidhani namtania. Akanipunguzia gharama ya stempu kwa furaha.

Mavuno ni mazuri. Siika wanene, wazito, tumbo limejaa mayai. Nimejaza mapipa mawili ya samaki wa chumvi na wengine nimewauza. Alama za mwalimu nimezisoma. Kuzidisha bado hujui.

Bibi Loviisa


Kajaani, 12 Novemba

Bibi mpendwa,

Asante. Mwalimu wa elimu ya viumbe, Bi. Rautio, ameniruhusu kutumia hadubini ya shule baada ya masomo, wakati chumba kikiwa kitupu. Nadhani ameona kwamba kikiwa na watu siwezi.

Gamba la samaki lina pete kama shina la mti lililokatwa. Majira ya joto samaki anakua, nafasi inakuwa pana. Majira ya barafu hali chakula kingi, mistari inabanana. Ukihesabu mibano unapata miaka yake. Nimehesabu magamba ya samaki wako wote sitini, kila mmoja mara tatu. (Kuhesabu najua, kuzidisha ndiko kunakonishinda.)

Bibi, mdogo kuliko wote ana miaka saba. Wengi wana tisa au kumi. Mmoja ana kumi na tatu, amezaliwa mwaka ambao mimi nilikuwa na miaka mitatu. Hakuna hata mmoja wa miaka miwili, wala mitatu, wala minne.

Nataka unijibu kwa uhakika, bila utani: mara ya mwisho kuona siika mdogo, wa urefu wa kiganja hivi, ilikuwa lini?

Saimi


Ziwa Kuikka, 25 Novemba

Saimi,

Siika wa kiganja? Sijamwona tangu nilipoolewa, na niliolewa mwaka wa thelathini na mbili. Huo ndio uhakika wako. Wadogo hawaji kwangu, wala siwaulizi. Kwani unataka kumlisha paka wa Mama Kemppainen?

Ziwa limeganda Jumanne. Bado halibebi mtu, linabeba kunguru tu. Nimefuma soksi, ziko ndani ya kifurushi pamoja na mkate mweusi. Kula. Barua zako zina sauti ya mtu mwenye njaa.

Bibi


Kajaani, 10 Desemba

Bibi mpendwa,

Sasa naweza kusema. Niliandika insha kwa shindano la shule za wilaya, nimekuwa wa kwanza, na gazeti limeichapa. Kipande nimekikata, nakutumia. Kichwa, "Ziwa la Wazee", walikichagua wao.

Sikukuambia mapema kwa sababu niliogopa kushindwa. Kushindwa peke yangu nimekuzoea, lakini kushindwa wewe ukijua kungekuwa kubaya zaidi.

Utaona nimeandika kwamba siika wa Kuikka ni wazee watupu, na kwamba mvuvi mzoefu wa ziwa hilo hajaona mtoto wa siika kwa miaka arobaini. Huyo mvuvi ni wewe. Sikutaja jina. Nimeandika pia kwamba wazee hawa wakiisha hakuna wa kushika nafasi yao, na kwamba ni lazima hatua ichukuliwe mapema. Bi. Rautio alisema sentensi hiyo ina nguvu. Nililia kidogo nilipoiandika, kwa sababu nilikuwa naliona ziwa likiwa maji matupu na wewe umesimama ufukweni.

Krismasi naenda Göteborg, ng'ambo, kwa mama. Kiwandani wamempa siku nne. Nitakukumbuka.

Saimi


Ziwa Kuikka, 7 Januari 1973

Saimi mwanangu,

Nimesoma. Umeandika vizuri, maneno yako yamepangika. Babu yako angefurahi.

Hapa hakuna jipya. Baridi ni ya kawaida. Paka yuko mzima. Soma kwa bidii.

Bibi


Ziwa Kuikka, 29 Januari

Kwa Binti Saimi,

Mimi si mtu wa barua. Ninaandika kwa sababu bibi yako amenikataza, na mtu wa miaka sitini na minne hawezi kukatazwa kila kitu.

Mimi ndiye mwenyekiti wa nyumba nane zenye haki ya maji ya Kuikka, unajua. Baada ya gazeti, idara ya uvuvi imeniletea barua. Wanapendekeza nyavu za siika zifungwe kwa miaka sita. Tutapiga kura Jumamosi tarehe kumi Machi, katika mkutano wa mwaka. Nyumba sita zitasema ndiyo. Nani atabishana na namba zilizochapwa? Mbili zilizobaki ni mimi na Loviisa, na mimi bado sijaamua.

Wengine hapa tuna ng'ombe, tuna msitu. Loviisa ana ziwa. Miaka sita kwa mtu wa miaka sabini na moja, fanya hesabu mwenyewe, maana nasikia unaweza.

Kuna jingine. Watu wamesoma, kisha wakajiuliza ni nani anayevua kuliko wote. Sasa wanasema Loviisa ndiye aliyekula watoto wa ziwa. Mwaka mpya Elma, mke wangu, hakumwalika kwenye kahawa. Hilo halijatokea tangu vita, na sijivunii. Dukani wakimwona wanaanza kuzungumza habari za hali ya hewa.

Sikulaumu. Kama ni kweli ni kweli. Ila nilifikiri aliyeandika anapaswa kujua maandishi yake yamefika wapi.

Taisto Härkönen


Kajaani, 2 Februari

Bibi,

Taisto ameniandikia. Usimkasirikie.

Barua yako ya Januari ilikuwa na mistari minne. Niliihesabu. Nikajiambia labda wino umeganda. Nilijua si wino, lakini nilichagua kuamini hivyo kwa sababu kulikuwa na mtihani.

Sijui niseme nini. Nimejaribu kuandika "nisamehe" na nimeichana karatasi, kwa sababu kama niliyoyaandika ni kweli, basi naomba msamaha kwa ajili ya nini? Na kama si kweli, "nisamehe" haitoshi. Nimerudia kuhesabu pete usiku na mchana. Pete ziko palepale.

Tafadhali niandikie kila kitu unachofanya unapovua. Kila kitu, hata kile unachoona ni upuuzi. Na niambie ukweli, je, wamekutenga?

Saimi


Ziwa Kuikka, 9 Februari

Saimi mwanangu,

Taisto tangu utoto hajui kufunga mdomo. Akiwa na miaka sita alimwambia mchungaji kwamba baba yake anapika gongo saunani.

Ndiyo, wamenitenga kidogo. Nakunywa kahawa na paka. Paka ni msikilizaji mzuri kuliko Elma, ila hana habari mpya. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umefurahi, na wewe hufurahi mara chache. Nilisema moyoni, acha mtoto apate Krismasi yake.

Umetaka kujua navuaje. Haya. Asubuhi hii nafuma wavu mpya wa vuli, hivyo nitakueleza nikiwa nao magotini.

Uzi ni wa nailoni siku hizi, zamani ulikuwa wa kitani. Nazungusha uzi kwenye kibao na kukaza fundo, nazungusha tena na kukaza. Kibao ndicho kinachotoa ukubwa wa tundu. Upana wake ni vidole vitatu. Kilikuwa cha babu yako. Mwaka wa thelathini na moja ziwa lilikuwa limechoka, kila mtu anatega wavu wa namna yake, wengine wana matundu ambayo hata kidole gumba hakipiti. Nyumba nane zikakutana kwa Härkönen mzee, zikatoa ubao mmoja wa mti wa birchi, zikachonga vibao vinane sawasawa. Wavu wowote wenye tundu dogo kuliko kibao ukachomwa ufukweni. Nilikuwepo. Moshi wa kitani unanuka vibaya. Tangu siku hiyo hakuna aliyevunja sharti. Mdogo apite zake, akue, arudi akiwa na nyama. Ndiyo sheria yetu, na hatuisemi tena, tunafuma tu.

Kisha naweka chubwi upande wa chini na maboya upande wa juu, natega jioni penye changarawe, naamka mapema natoa. Basi. Hakuna siri nyingine. Sijala watoto wa mtu.

Bibi


Kajaani, 13 Februari

Bibi mpendwa,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi za shule na nilikaa chini hapohapo kwenye theluji. Watu walinipita. Mara hii sikujali.

Nimekosea. Si kwenye pete, pete ni sahihi. Nimekosea mahali pa kusimama. Ni kama mtu aliyesimama mlangoni mwa kanisa siku ya ibada ya wazee, akahesabu kila anayetoka, kisha akaandika gazetini kwamba kijiji hakina watoto. Wavu wako umefumwa ili wadogo wasikamatwe. Mimi nikauliza wavu huo huo, mbona huna wadogo? Na nilipokuuliza wewe, ulinijibu ukweli mtupu. Hujamwona siika mdogo kwa miaka arobaini kwa sababu muda huo wote umekuwa ukimwachia njia.

Nimeishi kila majira ya joto kwenye nyumba yako. Nimekiona kile kibao. Nimekishika. Bi. Rautio hakujua, yeye ni wa mjini. Wasomaji wa gazeti hawakujua. Na nyinyi wa Kuikka mliojua hamkukumbuka, kwa sababu nyote mnafuma kwa ubao mmoja na wavu mwingine hamjauona kwa miaka arobaini.

Lakini, Bibi, kuna jambo linalonitisha zaidi. Kwamba nimekosea kuhesabu haina maana kwamba wadogo wapo. Ina maana tu kwamba hatujui. Bi. Rautio ameazima wavu wa majaribio kutoka kituo cha utafiti. Una vipande vitano vilivyounganishwa, kila kipande tundu lake, na la kipande cha mwisho hata kidole kidogo hakipiti. Utakuja na basi la Alhamisi. Kwa sharti lenu ni wavu wa kuchomwa. Nimemwandikia Taisto kuomba ruhusa.

Ukitoka mtupu, nitakuwa nilisema kweli kwa kubahatisha, na watakufungia ziwa, na nitakuwa ndiye niliyeleta ushahidi mara mbili. Hii ni mara ya kwanza naogopa kuwa sahihi. Unaweza kukataa. Nitaelewa.

Saimi


Kajaani, 13 Februari

Kwa Mzee Taisto Härkönen,

Asante kwa kuniandikia. Nilistahili.

Insha yangu ina kosa. Magamba yote yalitoka kwa samaki waliokamatwa na wavu wa vidole vitatu, ambao hauwezi kumshika samaki mdogo hata kama ziwa limejaa samaki wadogo. Kwa hiyo namba zangu haziwezi kusema lolote juu ya watoto wa siika, na bibi yangu hajawala.

Naomba ruhusa yako kutega wavu wa majaribio chini ya barafu, mara moja, kwa siku moja. Najua ni kinyume cha sharti. Namba zitakazopatikana naomba zisomwe mkutanoni, vyovyote zitakavyokuwa.

Nimeliandikia gazeti pia. Hawajajibu.

Kwa heshima,
Saimi


Ziwa Kuikka, 27 Februari

Saimi mwanangu,

Keti kwanza, lakini si kwenye theluji.

Taisto alikuja Alhamisi jioni na wavu wako begani, ameupokea mwenyewe kwenye basi. Barua yako ilikuwa mfukoni mwake, imekunjwa mara nyingi. Hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Una mtaimbo mkali?"

Jumamosi tulitoboa barafu. Mashimo kumi na mawili, na barafu unene wake unanifika mapajani. Yeye anapiga, mimi nachota vipande. Kamba tukaipitisha chini kwa mti mrefu, shimo hadi shimo, kisha tukauvuta wavu ndani.

"Miaka ishirini namkataza kila mtu wavu wa namna hii," akasema, "leo nautega kwa mikono yangu. Baba akifufuka atanichapa."

"Mwambie ulitumwa na mwanamke."

"Huyo hakukubali kisingizio hicho hata alipokuwa hai."

Jumapili baada ya ibada tukarudi kuutoa. Elma alisimama ukingoni na skafu yake ya kanisani, mbali kidogo, kama mtu anayepita tu. Njia haipiti pale.

Kipande cha kwanza ni chenye tundu kubwa kama letu. Wanne, wanene, wazee. Kipande cha pili, mmoja. Cha tatu, hakuna. Maji matupu yanachuruzika. Taisto akasimama na wavu mkononi akanitazama, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba yeye pia alikuwa anaogopa. Nilifikiri mapipa yangu. Nilifikiri pia juu yako, kwamba utabeba jambo hili mpaka uzee wako, maana wewe ndivyo ulivyo.

"Vuta," nikamwambia.

"Navuta, Loviisa, navuta. Usinisukume."

Cha nne kikawa kizito. Si uzito wa kuvutana, ni uzito wa kutetemeka, sijawahi kuusikia mkononi. Kikatoka shimoni kinameremeta chote, kama pazia ambalo mtu amelishonea vijiko vya chai. Siika. Wa kiganja, wa kiganja na nusu. Na cha tano wadogo zaidi, wa kidole. Tuliwachomoa mpaka vidole vikafa ganzi. Mia moja na kumi na wanane, Saimi. Tumewahesabu mara tatu, kama wewe.

Taisto akakaa kwenye sleji ya kuburutia mizigo barafuni, akavua kofia na baridi yote ile.

"Hawa wote wamekuwa wakipita?"

"Ndiyo kazi ya kibao."

"Mbona hatukukumbuka?"

"Wewe unakumbuka kupumua?"

Akavaa kofia. Kisha akamwita Elma, akamwambia alete ndoo, na Elma akaleta ndoo, kisha akanishika kiwiko tulipokuwa tunapanda ufukweni. Alidhani ni goti linaloniyumbisha. Nilimwacha adhani.

Sikupenda kuwaua wale wadogo. Nimewaomba radhi nikawakaanga kwa unga wa mkate mweusi. Magamba yamo humu. Bahasha nimekunja mwenyewe, za kwanza kwa karatasi za barua ya idara ya uvuvi. Taisto ameitoa kwa hiari.

Bibi


Kajaani, 4 Machi

Bibi mpendwa,

Barua yako ilifika juzi asubuhi kabla ya somo la fizikia. Niliisoma chini ya dawati, nikafika kwenye kipande cha tatu, nikashindwa kuendelea, nikaiweka. Nikasikiliza habari za mkondo wa umeme dakika kumi nzima bila kusikia hata neno. Kisha nikasoma cha nne. Mwalimu akauliza kama ninaumwa. Nikasema, "Hapana, nimefurahi," na darasa zima likageuka. Hayo ni maneno yangu ya tatu na ya nne darasani mwaka huu wa masomo.

Nimeyapitia magamba. Wa mwaka mmoja wapo, wa miaka miwili wapo wengi, wa mitatu wengi, wa mitano na sita wapo. Wa miaka minne ni watatu tu. Walipaswa kuanguliwa mwaka wa sitini na tisa na jambo fulani liliwapata, sijui nini, labda maji yalishuka chini ya barafu mayai yakaganda. Nitalisema hilo mkutanoni pia. Safari hii sitaki kuacha kitu nje kwa sababu hakipendezi.

Ndiyo, mkutanoni. Nilitaka kutuma taarifa yangu kwa barua Taisto aisome. Nimeandika kurasa mbili, zimekaa vizuri. Lakini kosa nililifanya kwa barua, na barua haioni nyuso. Nitakuja na basi la Ijumaa. Nikikaa kimya mbele yao, tafadhali nikanyage mguu.

Saimi


Ziwa Kuikka, 14 Machi

Saimi mwanangu,

Umesahau kofia yako. Iko kwenye kifurushi, na ndani yake kuna siagi, usiivae kabla ya kutazama.

Umeniuliza kwenye kituo cha basi kama sauti yako ilisikika. Nilisema ndiyo, basi likafunga mlango. Sasa nakujibu vizuri. Mwanzoni haikusikika. Uliposimama karatasi ilikuwa inatetemeka hadi Taisto akainuka kufunga dirisha, akidhani ni upepo. Sikukukanyaga mguu kwa sababu kulikuwa na watu wanne kati yetu. Lakini uliposema "nilikosea", ulilisema kama mtu anayeweka gunia chini. Kuanzia hapo ulisikika mpaka jikoni.

Na yule Pulkkinen alipouliza kwa nini tukuamini sasa kama Desemba hukuaminika, nilitaka kumjibu mimi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Wewe ukasema, "Msiniamini. Tegeni wavu mdogo mara moja kila Machi, muone wenyewe." Leo dukani Pulkkinen aliniuliza wavu mdogo unauzwa bei gani.

Nyumba nane kati ya nane zimekataa kufunga nyavu. Hilo uliliona. Usilolijua ni kwamba jana idara ya uvuvi imempigia Taisto simu. Wamepokea karatasi zako, pendekezo wameliondoa, wanataka namba za kila Machi. Taisto amewaambia namba zitatoka kwa mtaalamu wetu, na mtaalamu wetu ana mitihani hadi Mei, wangoje. Gazeti nalo limechapa sahihisho lako. Liko ukurasa wa kumi na moja, chini ya matangazo ya trekta, dogo kama gamba. Lakini lipo. Nimelikata.

Vuli nitatega nyavu zangu. Nimelala usiku tatu mfululizo bila kuamka, na sikuwa nimekuambia kwamba kila usiku nilikuwa naamka, wala si kwa sababu ya goti.

Mchana huu Elma alikuja kuazima hamira. Anayo hamira, nilimwona akiinunua Jumatatu. Nikampa. Akaketi. Akanywa vikombe vitatu vya kahawa, akanieleza habari zote za nyonga ya dada yake tangu Januari, maana nilikuwa nimezikosa zote. Habari ya ziwa hakuigusa, nami sikuigusa. Jua lilipofika dirisha la jikoni akasema Taisto anangoja chakula, akafunga skafu, akaondoka.

Hamira ameiacha mezani. Kesho nitampelekea, nione kama na yeye ataniwekea kahawa.

Bibi Loviisa